Unywele kwenye chungu cha pombe: ugomvi wa wake wa Zwangendaba uliofika hadi Ruvuma

Kila Februari 27 Songea hujaa wageni. Ngao na mikuki hutolewa, ngoma ya lizombe huchezwa, mashada huwekwa na hotuba hutolewa kwa wingi. Wanakumbukwa mashujaa waliouawa na Wajerumani mwaka 1906 wakati wa vita vya Majimaji, 67 kwa hesabu inayotajwa kila mwaka, akiwamo Nkosi, yaani mfalme, Mputa Gama. Nduna (mkuu wa vita) Songea Mbano, ambaye mji unaitwa kwa jina lake, alinyongwa siku chache baada yao. Pale makumbusho ya Mahenge, hapohapo Songea, sanamu za wakuu zimepangwa, wanaume wenye nyuso kali, na mgeni asiyejua anaweza kuondoka akiamini kwamba Wangoni walizaliwa na akina baba watupu.

Sisi wa mwambao wa Ziwa Nyasa, huku Lundo, Liuli na Mbamba Bay, tuna sababu ya kuuliza habari za akina mama. Baadhi yao walikuwa wa kwetu, na hawakwenda Ungoni kwa harusi.

Hadithi yenyewe inaanzia mbali. Zwangendaba wa ukoo wa Jere, kiongozi wa Wangoni, alikimbia kusini mwa Afrika baada ya Shaka kuwavunja Wandwandwe, akapigana njia nzima kuelekea kaskazini, na Novemba 1835 akavuka mto Zambezi siku jua lilipopatwa. Kuvuka huko kumeandikwa sana. Kilichotokea ndani ya nyumba zake hakipewi nafasi kubwa hivyo, ingawa ndicho kilichoamua nani atawale wapi.

Nkosi wa Kingoni hakuwarundika wake zake ndani ya ua mmoja. Wake wakubwa walikuwa kila mmoja na kijiji chake, ng'ombe wake, manduna wake na watu waliojiita wa nyumba hiyo. Mrithi hakutafutwa kwa umri. Mtoto wa kiume wa nyumba kuu ndiye nkosi ajaye, hata kama bado ananyonya na kaka zake wa nyumba nyingine wamekwisha kuongoza vita. Kwa hiyo kumshusha mke mkuu hakukuwa jambo la chumbani. Kulikuwa kama kuhamisha mji mkuu.

Masimulizi ya Wangoni wa Malawi na Zambia, ambayo Yesaya Chibambo ni mmoja wa walioyaandika, yanasema hivi. Siku moja mke mkuu, Lompetu Nqumayo, alimpelekea mumewe pombe. Ndani ya chungu ukaonekana unywele. Katika nyumba ya mtu wa kawaida mke angekaripiwa na chungu kingemwagwa. Mbele ya nkosi unywele ulikuwa uchawi: kuna mtu anataka kumloga mfalme, na ametumia mkono wa mkewe. Zwangendaba akaamuru nyumba ile ifutwe, watu na kijiji. Gwaza Jere, mmoja wa wakubwa wake, hakutekeleza amri hiyo kikamilifu. Ndipo akasalimika Soseya, mdogo wake Lompetu aliyeolewa katika nyumba hiyohiyo, na kwa Soseya akapatikana kijana ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Mpezeni. Wakati huohuo heshima ya nyumba kuu ilikuwa imehamia kwa mke mwingine, Munene Mgomezulu, mama yake M'mbelwa.

Wasimulizi hugombana juu ya hapa na pale: nani hasa alifichwa, nani alikwisha zaliwa, mfalme alijuta au hakujuta. Kila upande husimulia kwa namna inayoinua nyumba yake, na mtu mwenye akili hawezi kuwalaumu. Mimi linalonishangaza ni Gwaza. Alipewa amri ya kuua, akaipunguza, na kwa kuipunguza akaacha warithi wawili, kila mmoja na hoja ya haki.

Wazungu wasitucheke. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita Wafranki, waliotawala nchi ambazo leo ni Ufaransa na sehemu ya Ujerumani, walikuwa na kesi inayofanana na hii. Mfalme Louis, mwana wa Charlemagne, aliwagawia wanawe watatu milki mwaka 817. Mkewe akafa, akaoa binti kijana aliyeitwa Judith, na mwaka 823 akazaliwa Charles. Ugawaji ukabidi uchanwe upate kumwingiza mtoto wa mke mpya, na wana wakubwa wakaasi. Judith alishitakiwa kwa uzinzi na mkuu mmoja aitwaye Bernard wa Septimania, akafungiwa katika nyumba ya watawa mpaka alipojisafisha kwa kiapo. Bernard alikuwa na mke wake halali, Dhuoda, aliyemwoa mwaka 824. Dada yake Bernard, mtawa Gerberga, alitoswa mtoni mwaka 834 kwa tuhuma za uchawi. Bernard mwenyewe aliuawa mwaka 844 kwa amri ya Charles yuleyule. Mwaka mmoja kabla, kule Verdun, ndugu watatu waliobaki hai, Charles akiwamo, walikuwa wamekwisha gawana nchi. Lompetu na Judith wangekutana, wasingekosa la kuzungumza.

Zwangendaba alifariki Ufipa katika miaka ya 1840. Ndugu zake, Ntabeni kisha Mgayi, wakashika madaraka kwa zamu, na wao walipoondoka ugomvi wa nyumba ukalipuka. Mpezeni alikwenda kusini na kutua karibu na Chipata ya leo, nchini Zambia. M'mbelwa alishika milima ya Mzimba, Malawi. Wengine, waliojulikana kama Watuta, walipanda hadi Unyamwezi. Kundi lingine likazunguka upande wa mashariki wa ziwa letu likiwa na Zulu Gama na Mbonani Tawete, na hao ndio waliofika Songea.

Angalia vizuri: Gama si Jere. Mwana wa mfalme hakuja Ruvuma. Waliokuja ni wakuu wa vita waliochoka kungojea watoto wa nyumba mbili wapatane. Padre Elzear Ebner, Mbenediktini wa Peramiho aliyekusanya masimulizi ya wazee na kuandika historia ya Wangoni, anaeleza kwa kirefu walivyowakuta Wangoni wengine wa Maseko hapa, wakaishi nao kwa mashaka, kisha wakawafukuza kuvuka mto Ruvuma. Baadaye wakagawana wenyewe: Njelu kwa akina Gama, Mshope kwa akina Tawete. Akina Mbano walitokana na watu waliomezwa njiani, karibu na Zambezi. Hata jina la mji wetu mkuu, basi, ni la mtu wa familia iliyoingia Ungoni kwa kuchukuliwa.

Na kuchukua hakukuishia huko. Huku mwambao Wangoni hao waliitwa Magwangwara, na wamisionari wa Likoma waliandika sana juu ya mashambulizi yao. Watu walikimbilia visiwa na miamba ya ziwani. Wamatengo walijibana milimani, na kilimo chao cha ngoro kinahusishwa na msongamano wa siku hizo. Waliokamatwa waliitwa masutu. Vijana walitiwa vikosini, wasichana wakaolewa. Mke wa namna hiyo hakuwa na ng'ombe waliotolewa kwa baba yake, wala kaka wa kuja kudai haki yake akipigwa, lakini watoto wake walirithi jina la baba na kujiita Wangoni kamili. Wengi wao walilelewa na mama wasiokizungumza Kingoni cha kusini. Ndiyo sababu Kingoni cha Songea leo kiko karibu zaidi na lugha za majirani kuliko na Kizulu. Vikosi viliteka, jikoni pakaamua lugha.

Wajerumani walifika mwaka 1897. Vita vya Majimaji vinajulikana. Nitataja tu kwamba dawa ya maji iliingia Ungoni kupitia kwa mwanamke, Nkomanile, naye alinyongwa. Na kwamba miongoni mwa sababu za Nkosi Chabruma wa Mshope kulichukia boma, wanahistoria wanataja shauri la uzinzi lililomhusu mmoja wa wake zake. Waingereza waliwarudishia akina Gama na Tawete viti vyao. Mwaka 1963 serikali huru ikafuta uchifu nchini kote.

Zambia hawakuufuta. Kila Februari, Nc'wala husherehekewa karibu na Chipata mbele ya nkosi anayebeba jina la Mpezeni, na Wangoni wa nchi jirani hualikwa. Waheshimiwa wetu wakipata nafasi ya kwenda, waulize habari za Soseya, kisha wakirudi waombe mahali pa kuliandika jina lake pale Mahenge, pamoja na la Lompetu.