Uzi: Rovu, kisukari na ile hoja ya "huo ni ugonjwa wao"

1/ Bajeti ya afya ikijadiliwa, hakosi mtu wa kusema: "Huo ni ugonjwa wa kule, sisi unatuhusu nini?" Wadau, turudi kwenye historia kidogo.

2/ Rovu, ule uvimbe wa tezi shingoni, uliwasumbua sana watu wa nyanda za juu. Udongo wa kule una ayodini kidogo. Sisi huku Lamu twala samaki wa bahari, na ayodini imo humo.

3/ Hata hivyo, mwaka 1978 Kenya ililazimisha chumvi ya kupikia itiwe ayodini. Si ya milimani pekee, ya nchi nzima. Na chumvi yenyewe nyingi hutoka huku pwani, Kilifi. Rovu ikapungua sana.

4/ Sasa kisukari. Utafiti wa kitaifa wa 2015 ulikuta karibu watu wazima 9 kati ya 10 hawajawahi kupimwa sukari. Kwa hiyo mtu akikwambia "visiwani ni wachache", muulize: wamepimwa wangapi? Mtu wa Kizingitini hupanda boti ndipo afike hospitali kuu ya kaunti, mjini Lamu. Asiyepimwa hahesabiwi, na asiyehesabiwa hapangiwi pesa.

5/ Afya iligatuliwa 2013, sawa. Lakini 1978 hakuna aliyeuliza kama Lamu kuna rovu. Tulinunua chumvi ile ile na wenzetu wakapona. Basi vipimo vya sukari visiwani visiitwe hisani.