Guryongpo: Nguzo Zilizogeuzwa Mgongo

Mitihani ya Desemba imeisha, nikadandia basi hadi Guryongpo, bandari ya wavuvi iliyojificha kwenye ghuba huko Pohang, mashariki mwa Korea Kusini. Pazuri jamani! Maboti, kaa, na samaki walioanikwa kwenye upepo wa baridi, wenyewe wanawaita gwamegi. Harufu yake sasa, acheni tu.

Tuje kwenye historia. Mwanzoni mwa karne ya 20 wavuvi wa Kijapani, wengi kutoka Kagawa, walihamia hapa kufuata samaki. Japani ikaitawala Korea 1910 hadi 1945, na hao jamaa wakatajirika. Nyumba zao za mbao bado zipo mtaa mzima. Ya tajiri Hashimoto Zenkichi sasa ni makumbusho. Kilimani walijenga hekalu lao, na kwenye ngazi za kupandia wakasimika nguzo za mawe zenye majina yao.

1945 wakaondoka. Mimi ningedhani nguzo zingepigwa nyundo siku hiyohiyo. Wapi! Wenyeji walipaka saruji juu ya majina, wakazigeuza nyuma mbele. Mwaka 1960, walipojenga jengo la kuwakumbuka waliokufa kwa ajili ya nchi, wakachonga upande wa pili majina ya Wakorea waliochangia. Kwangu mimi hiyo ni akili kuliko nyundo.

Watalii wengi wanafuata tamthilia iliyorekodiwa hapa mwaka 2019, wanakaa kwenye ngazi, picha, wanashuka. Ukienda, zunguka nyuma ya nguzo. Saruji bado ipo.