Kifaru: Mchezaji anayepigwa ili wenzake wasalimike

KATIKA michezo ya kompyuta ya kuigiza wahusika, ambayo huchezwa na watu wengi kwa pamoja kupitia mtandao wa intaneti, yupo mchezaji ambaye wajibu wake wa kwanza si kuua adui bali ni kupigwa. Mchezaji huyo hufananishwa na kifaru, lile gari la vita lenye chuma kizito, na ndiko lilikotoka jina lake. Hutangulia mbele akiwa na deraya na ngao, akapokea mapigo ambayo yangewaangamiza wenzake, nao wakapata nafasi ya kumshambulia adui wakiwa salama.

Wajibu huu ulijulikana sana katika mchezo wa EverQuest uliozinduliwa Machi 1999. Hata hivyo, ulienea zaidi ulimwenguni kupitia World of Warcraft, mchezo wa kampuni ya Blizzard Entertainment ya Marekani uliozinduliwa Novemba 23, 2004. Kufikia 2010, mchezo huo ulikuwa na wateja zaidi ya milioni 12 waliolipia.

Kikosi cha kawaida katika mchezo huo huwa na watu watano: kifaru mmoja, tabibu mmoja na washambulizi watatu. Kifaru humkabili adui, tabibu humponya kifaru, nao washambulizi humaliza kazi. Kiungo kimoja kikilegea, vingine havina budi kuanguka.

Hesabu ya uhasama

Huenda msomaji akajiuliza ni kwa nini adui amwandame mtu mwenye deraya nzito ilhali tabibu amesimama nyuma bila kinga. Jibu limo katika hesabu inayofanywa na kompyuta. Kila adui ni kana kwamba amebeba daftari lenye majina ya wote wanaomchokoza, na kila pigo huongeza uhasama katika jina la aliyelitoa. Anayeongoza katika daftari hilo ndiye anayeandamwa.

Katika toleo la awali la World of Warcraft, ambalo lilirejeshwa Agosti 2019 kwa jina la Classic, mshambulizi aliye karibu na adui humpokonya kifaru nafasi hiyo akimzidi kwa asilimia 10. Aliye mbali hufanya hivyo akimzidi kwa asilimia 30. Hata tiba huandikwa daftarini, kwani alama mbili za uponyaji huhesabiwa sawa na alama moja ya pigo. Ndiyo maana tabibu anayeharakisha kutibu kabla ya kifaru kujitia katika mapambano hujikuta akikimbizwa.

Kifaru naye ana mbinu zake. Mpiganaji anapokaa mkao wa kujihami, hupungukiwa na asilimia 10 ya nguvu za kushambulia, lakini madhara yanayompata hupungua kwa kiasi hicho hicho, na uhasama anaouzua huongezeka kwa asilimia 30. Aidha, anaweza kupasua deraya ya adui mara tano mfululizo, na adui akimgeukia mwenzake, humrudisha kwa uchokozi maalumu unaomlazimisha kumkabili tena.

Mahali pa kusimama

Nguvu pekee hazitoshi. Mfano mwema ni vita dhidi ya Onyxia, joka ambalo katika toleo la awali lilikabiliwa na kikosi cha watu 40. Joka hilo hutema moto mbele, na mkia wake huwarusha walio nyuma hadi kwenye mayai yenye makinda. Kwa hivyo kifaru hulivuta hadi ukutani na kulielekeza mbali na kikosi, nao wenzake hushambulia kutoka ubavuni. Akiligeuza vibaya, moto mmoja huteketeza umati.

Mwanzoni, mpiganaji ndiye aliyetegemewa kuwa kifaru katika vita hivyo vikubwa. Paladini, yule askari wa nuru, na druidi anayejigeuza dubu waliweza kazi hiyo, ila aghalabu waliambiwa watibu. Hali ilibadilika mnamo 2007 walipoimarishwa katika nyongeza ya The Burning Crusade. Baadaye waliongezwa askari wa mauti mnamo 2008, mtawa mnamo 2012 na mwinda mashetani mnamo 2016.

Uhaba usiokwisha

Licha ya chaguo hizo, vifaru wamekuwa adimu. Uhaba huo ulidhihirika Desemba 2009, mchezo ulipoanzisha utaratibu wa kuwakusanya wageni wasiojuana katika kikosi kimoja. Kifaru aliingia upesi, huku washambulizi wakisubiri foleni. Mnamo 2011, Blizzard ilianza kutoa zawadi ya ziada kwa anayekubali wajibu unaokosa watu, na aghalabu wajibu huo ukawa wa kifaru. Final Fantasy XIV, mchezo wa kampuni ya Square Enix ya Japani, nao hutoa malipo ya aina hiyo. Guild Wars 2, uliozinduliwa Agosti 2012, uliamua kuzinduliwa bila migao hiyo ya kazi.

Sababu ya uhaba si ugumu wa vitufe. Mshambulizi mmoja akizembea, adui huchelewa tu kufa, na huenda asitambuliwe nani aliyezembea. Kifaru akiteleza, kikosi kizima hufa, na kila mmoja hujua ni nani wa kulaumiwa. Isitoshe, ndiye anayetarajiwa kuijua njia, kuamua mwendo na kuchagua adui wa kuanza naye. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na wengi wanaomkaripia kifaru hawajawahi kusimama mahali pake.

Kwa anayeanza, ushauri wa wazoefu ni kujifunza katika mapango mepesi pamoja na marafiki, na kuwaarifu wenzake mapema kwamba yeye ni mgeni wa kazi hiyo. Wenzake nao wana wajibu: wamwache atangulie, wampe muda wa kupiga mapigo machache ya kwanza, kisha ndipo waanze kushambulia. Vikosi vingi huangamia kwa kukosa subira ya sekunde hizo chache, na lawama ikamwendea kifaru.