PlayStation 2

PlayStation 2, au PS2, ni mashine ya michezo ya video ya nyumbani kutoka kampuni ya Sony ya Japani. Ilianza kuuzwa Japani tarehe 4 Machi 2000, ikafika Marekani na Ulaya kabla ya mwaka huo kwisha. Ilipoacha kutengenezwa mwanzoni mwa 2013, zaidi ya mashine milioni 150 zilikuwa zimeuzwa.

Iliundwa chini ya mhandisi Ken Kutaragi. Prosesa yake, Emotion Engine, ilitengenezwa na Sony kwa kushirikiana na Toshiba na hukimbia kwa takriban megahezi 295. Picha huchorwa na chipu ya pili, Graphics Synthesizer. Kumbukumbu kuu ni megabaiti 32 tu, kiasi ambacho simu janja ya bei ya chini leo inakizidi kwa mbali. Husoma DVD, kwa hiyo aliyeinunua alipata na deki ya filamu humo humo. Toleo jembamba la 2004 hutumia adapta ya nje ya volti 8.5.

Kwenye vituo vya biashara vya Kenya na Uganda, ukiwemo ukanda wa mpaka kutoka Busia na Malaba hadi vijiji vya Tororo kama Mella, PS2 ilitoka sebuleni ikawa kitega uchumi. Mwenye kibanda huweka televisheni na padi mbili. Wachezaji hulipa kwa mechi, na mpakani shilingi ya Kenya na ya Uganda zote hupokelewa. Mpira ndio uliotawala: FIFA 14 na Pro Evolution Soccer 2014, zilizotoka mwaka 2013, zilikuwa za mwisho kwa mashine hii, na wengi waliendelea kuzicheza miaka mingi baadaye.

Kinachochoka kwanza ni lenzi ya kusomea diski na vijiti vya padi, vinavyoanza kumvuta mchezaji upande mmoja bila kuguswa. Mashine ya kiwandani hukataa diski zilizonakiliwa, ndiyo maana mafundi walichomea chipu ndani yake. Baadaye programu ya Free McBoot, inayokaa kwenye kadi ya kumbukumbu ya megabaiti 8, iliwezesha kuchezea gemu kutoka kwenye flashi. Hapo lenzi mbovu haikuwa tatizo tena, ila mlango wa USB ni wa toleo 1.1, na video za utangulizi hukwamakwama.