Foleni ya ujenzi wa programu

Foleni ya ujenzi wa programu ni orodha ya maombi yanayosubiri kushughulikiwa na kompyuta zinazogeuza msimbo chanzo kuwa programu inayoweza kuendeshwa. Programu au kompyuta inayofanya kazi hiyo huitwa injini ya ujenzi. Mfumo huu hutumiwa hasa pale ambapo watengenezaji wengi wa programu hubadilisha msimbo uleule kwa wakati mmoja.

Ujenzi hujumuisha hatua kadhaa: kuchukua msimbo kutoka kwenye hazina, kuupitisha kwenye kompaila, kuuunganisha na maktaba zinazohitajika, kufanya majaribio, na kufunga matokeo katika faili la kusambazwa.

Historia

Mwaka 1976 Stuart Feldman wa Bell Labs nchini Marekani alitengeneza Make, programu inayoangalia wakati mafaili yalipobadilishwa ili kujenga upya yale tu yanayohitaji kujengwa. Make yenyewe haipangi maombi ya watu wengi; mtu huiendesha anapotaka.

Mwaka 2001 ilitolewa CruiseControl, iliyoanzia katika kampuni ya ThoughtWorks. Ilifuatilia hazina ya msimbo na kuanzisha ujenzi kila ilipoona badiliko. Baadaye Kohsuke Kawaguchi, aliyekuwa mfanyakazi wa Sun Microsystems, alitengeneza Hudson, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2005. Mwaka 2011, baada ya mvutano kuhusu jina na kampuni ya Oracle iliyokuwa imeinunua Sun, wanajumuiya wengi waliendeleza mradi huo kwa jina la Jenkins.

Jinsi inavyofanya kazi

Ombi la ujenzi huweza kutokana na badiliko jipya la msimbo, saa iliyopangwa, agizo la mtu, au kumalizika kwa ujenzi mwingine. Ombi hutaja kazi inayotakiwa pamoja na vigezo vyake.

Katika Jenkins, ombi linalotokana na badiliko la msimbo husubiri kwanza kipindi kifupi cha utulivu, kwa kawaida sekunde 5, ili mabadiliko yanayofuatana yajengwe pamoja. Ombi jipya likifanana kabisa na lililopo tayari kwenye foleni, hayo mawili huunganishwa kuwa moja. Ombi huweza pia kuzuiwa kwa muda, kwa mfano kama kazi hiyohiyo bado inaendelea na haijaruhusiwa kuendeshwa mara mbili kwa pamoja. Likishakuwa tayari, husubiri injini yenye nafasi na sifa zinazotakiwa, kama vile mfumo wa uendeshaji wa Linux au Windows.

Si kila foleni hufuata kanuni ya aliyetangulia ahudumiwe kwanza. Mradi wa programu huria wa Debian, unaojenga vifurushi vyake kwa aina mbalimbali za vichakato, huzingatia pia umuhimu wa kifurushi. Kifurushi kinachotegemea kingine ambacho bado hakijapatikana huwekwa kando mpaka kipatikane.

Msongamano

Foleni hurefuka maombi yanapoingia kwa kasi kuliko uwezo wa injini. Kwa mfano, ikiwa kila ujenzi huchukua dakika 10, injini moja hukamilisha 6 kwa saa. Yakiingia maombi 12 kwa saa, foleni itaongezeka kwa maombi 6 kila saa. Injini mbili zitatosha kwa hesabu tu, kwa kuwa kuchelewa kokote hakutafidiwa. Injini ya tatu ndiyo inayoruhusu foleni kupungua.

Njia nyingine za kupunguza msongamano ni kuhifadhi matokeo ya awali ili yatumike tena, na kufuta maombi yaliyopitwa na msimbo mpya zaidi. Kujenga mabadiliko mengi kwa pamoja huokoa muda, lakini ujenzi ukishindikana huwa vigumu kujua ni badiliko lipi lililosababisha kosa.

Usalama

Injini ya ujenzi huendesha msimbo inaopewa, na matokeo yake huaminiwa na watumiaji. Mwezi Desemba 2020 iligunduliwa kwamba wadukuzi walikuwa wameingilia mfumo wa ujenzi wa kampuni ya SolarWinds ya Marekani na kupachika msimbo wa siri ndani ya programu ya Orion wakati ilipokuwa ikijengwa. Kwa kuwa masasisho hayo yalitiwa saini halali ya kampuni, wateja waliyapokea bila shaka.

Ili kupunguza hatari hiyo, mifumo mingi huanza kila ujenzi katika mazingira safi yanayofutwa baada ya kazi kuisha. Njia nyingine ni ujenzi unaorudiwa: injini mbili zisizotegemeana hujenga msimbo uleule, kisha matokeo hulinganishwa biti kwa biti. Yakitofautiana, sababu huchunguzwa. Debian ni miongoni mwa miradi inayotumia njia hiyo.