Mkataba tusiousaini: simu, unite na bei ya kweli

Bandugu wa asosiasio, kila mwaka kisha watu kupata diplome, swali moja linarudi katikati yetu: ninunue simu gani? Watu wanajibu na marke, na kamera, na memwari. Mimi ningependa kujibu na historia, juu naona swali lenyewe limekatwa nusu. Mwenye kuuliza "ninunue simu gani" anapaswa kuuliza tena "na nitailisha na nini muda wa miaka miwili?"

Katika agronomi jambo hilo tulifundishwa mapema: bei ya mbegu si bei ya shamba. Mbegu ya mahindi unailipa mara moja, mvua inapoanza mwezi wa 11. Mbolea, kupalilia, kuvuna na usafiri wa magunia vinakuja nyuma, mpaka mwezi wa 4 au wa 5. Mtu mwenye kuhesabu mbegu peke yake anaishia katikati ya shamba bila franga. Na simu ni vile vile.

Kule Ulaya hesabu hiyo mara nyingi inafanywa kwenye karatasi. Mwanafunzi wa Paris anaweza kuingia dukani, akatoka na simu ya bei kali akiwa amelipa euro kidogo tu, kwani amesaini mkataba wa kulipa kila mwezi. Sheria ya Umoja wa Ulaya inakataza mkataba kama huo kumfunga mteja zaidi ya miezi 24. Kampuni inarudisha bei ya simu polepole ndani ya malipo ya mwezi, na mteja anapata fakitire: umeongea dakika ngapi, umetumia mega ngapi, taksi ni ngapi. Siyo zawadi, ni mkopo, lakini ni mkopo wenye karatasi.

Kwetu mu Lubumbashi karibu kila mtu ananunua simu kwa pesa taslimu, kisha ananunua unite kidogo kidogo. Wengi wanafikiri ni juu tuko maskini tu. Historia inaonyesha kwamba sababu ni nyingi kuliko hiyo.

Simu ya mkononi haikufika kwetu nyuma ya wengine. Telecel ilianzishwa Kinshasa katika mwaka wa 1986 na Miko Rwayitare, mfanyabiashara mwenye kuzaliwa Rwanda, pamoja na Mmarekani Joe Gatt. Ilikuwa moja ya rezo za kwanza za simu ya mkononi katika Afrika. Lakini ilikuwa simu ya wakubwa: mawaziri, watu wa serikali, wafanyabiashara. Simu moja iliuzwa kwa maelfu ya dola. Wakati huo huo simu ya waya ya serikali ilikuwa inakufa, na uporaji wa 1991 na wa 1993 ulimaliza vingi vilivyokuwa vimebaki. Mtu wa kawaida wa Lubumbashi, akitaka kupeleka habari ya kilio Mbuji-Mayi au Kalemie, alikwenda kwenye foni, yaani redio yenye antena kubwa. Unalipa, unangoja zamu, kisha unasema habari za jamaa yenu mbele ya watu wote walio chumbani. Kwa hiyo miaka zaidi ya kumi tulikuwa na simu ya mkononi mu inchi, lakini haikuwa yetu.

Mabadiliko yalikuja katikati ya vita iliyoanza mwezi wa 8 mwaka wa 1998. Mgambia mmoja, Alieu Conteh, alijenga rezo ya Congolese Wireless Network kuanzia 1999. Hakuna kiwanda cha nje kilichotaka kumletea mnara katika inchi yenye vita, basi aliwapa watu wa Kinshasa kazi ya kukusanya vyuma vya zamani na kuvichomelea mpaka mnara ukasimama. Celtel, kampuni ya Msudani Mo Ibrahim, iliingia mwaka wa 2000. Kisha kampuni ya Conteh iliungana na Vodacom ya Afrika ya Kusini, wao wakichukua 51 kwa mia, na Vodacom Congo ikaanza kazi katika 2002.

Makampuni haya yalikuja na desturi ya kulipa mbele. Vodacom ilikuwa imekwisha kuizindua kwao mwaka wa 1996 kwa jina la Vodago. Kwani mkataba wa mwezi unahitaji vitu vitatu: adrese inayojulikana, akaunti ya benki, na mshahara unaokuja kwa siku yake. Tazama Lubumbashi ya wakati ule. Mara nyingi adrese haikuwa rahisi kwa mtu wa fakitire kuifuata. Benki zilikuwa zimepoteza imani ya watu. Na mshahara? Wazazi wetu wa Gécamines walikaa miezi na miezi bila kulipwa, na mwaka wa 2003 zaidi ya wafanyakazi 10.000 walitolewa katika ile operesheni iliyoitwa kuondoka kwa hiari. Nani angesaini kulipa kila mwisho wa mwezi, wakati mwezi wenyewe haukuwa na mwisho?

Kulipa mbele kulijibu shida hiyo vizuri sana. Mama muuza makala aliweza kuwa na namba yake bila kuonyesha mshahara wa mtu. Hakuna deni, hakuna mtu wa kuja kukamata viti vya nyumba. Vijana wakaweka meza na mwavuli pembeni ya barabara, wakauza karte za kukwangua. Ninasema wazi, juu watu wanapenda kusema kwamba vitu vya kwetu ni vya hasara tu: kulipa mbele njo kulifungua simu kwa watu wengi. Mikataba ya Telecel isingelifanya vile.

Lakini kuna kitu tulikiacha mlangoni, nacho ni fakitire. Mwenye kulipa nyuma anapata karatasi kabla ya kutoa pesa, anaweza kubisha. Mwenye kulipa mbele ametoa pesa tayari. Unite zikiisha, zimeisha. Na usifikiri kwamba hakuna mkataba. Siku unapoweka karte SIM ndani ya simu, umekubali masharti ambayo hukuyasoma, na bei ambayo inaweza kubadilika bila wewe kuitwa.

Chukua unite yenyewe. Wakubwa wetu waliona zaire ya zamani inakufa, hata katika mwezi wa 10 mwaka wa 1993 zaire mpya moja ikachukua nafasi ya milioni 3 za zamani. Kwa hiyo makampuni yalihesabu kwa dola: kwa desturi unite 100 zilikuwa dola 1. Sisi tunalipa kwa franga. Katika 2013 dola ilikuwa karibu franga 920, na katika 2024 ilifika karibu franga 2.800. Franga 5.000 zilikupa zaidi ya dola 5 za unite wakati ule, na baadaye hata dola 2 hazikufika. Ni kweli, mega zimeshuka bei sana katika miaka hiyo, na hilo tulikubali. Lakini mtu mwenye mshahara wa franga alibeba hatari ya dola peke yake, bila barua moja ya kumwambia.

Watu hawakukaa bure. Walitengeneza hesabu zao. Kubipa ilikuwa njia ya kuongea bila unite: bip moja, nimefika, bip mbili, unipigie. Kuongea kutoka rezo moja kwenda rezo nyingine kulikuwa bei, basi mtu akatembea na simu mbili, au na karte tatu ndani ya mfuko mdogo. Simu za karte mbili zilipofika, zile za Tecno na Itel za kampuni Transsion ya Shenzhen iliyoanza 2006, zilikuta sisi tayari. Wengine walikuwa wanatuuzia uzuri wa simu. Hao walituuzia namna ya kupunguza gharama ya kuongea. Ndiyo maana zilijaa sokoni.

Kisha ikaja RAM, na hapa njo somo lenyewe. Kuanzia mwezi wa 9 mwaka wa 2020, serikali iliweka malipo ya daftari ya vyombo vya simu. Sababu iliyotolewa ilikuwa kupigana na simu za uwongo na za wizi. Simu ya 2G ililipa dola 1 kwa mwaka, simu ya 3G na ya 4G dola 7, na pesa zilikatwa katika unite za mteja, kwa vipande 6. Tazama vizuri: aina ya simu uliyochagua dukani iliamua taksi yako, mara 7 zaidi kwa mwanafunzi aliyetaka kufungua PDF ya kozi kuliko kwa mwenye simu ya kubonyeza. Na ilikatwa mahali ambapo hakuna fakitire. Mtu ananunua unite, anaongea kidogo, anaambiwa hazitoshi.

Makelele yalikuwa mengi, barabarani na katika intaneti. Mwaka wa 2021 waziri wa simu alihojiwa bungeni, wabunge wakaomba RAM iondolewe, na kuanzia mwezi wa 3 mwaka wa 2022 ikaondolewa. Wengi wetu tunakumbuka hilo kama ushindi, na ni ushindi. Mimi naona upande mwingine pia. Ilichukua mwaka mmoja na nusu, na sehemu ya sababu ni kwamba karibu hakuna mtu aliyeweza kuonyesha karatasi na kusema: mimi nimekatwa hivi, tarehe hii. Kila mtu alikuwa na hasira, lakini hakuwa na hesabu. Wakati huo ARPTC, ofisi ya kusimamia simu, ilikuwepo tangu sheria ya 2002. Ofisi kama hiyo inapokea malalamiko vizuri zaidi yakiwa na tarehe na namba.

Sasa, kwa nini ninaandika haya kwa watu wanaotafuta simu mpya? Kwa sababu mkataba unaweza kurudi kwa mlango mwingine. Kule Kenya, mwaka wa 2020, Safaricom ilizindua Lipa Mdogo Mdogo: wakati ule mteja alitoa shilingi 1.000, kisha shilingi 20 kila siku, karibu miezi tisa, kwa simu ya 4G. Hawaombi benki wala adrese. Simu yenyewe njo rehani: usipolipa, inafungwa. Kwa watu wengi ni msaada wa kweli. Lakini ni mkopo, na mtu atakayekutolea simu kwa vipande hapa mjini, awe duka au mwajiri, atakupa paka namba ya siku au ya mwezi. Wewe zidisha mpaka mwisho, kisha linganisha na bei ya taslimu. Tofauti ndiyo bei ya mkopo. Kama hataki kukuonyesha masharti kwenye karatasi, jibu umelipata.

Na kwa kulipa taslimu, fanya hesabu ya miezi 24. Huu ni mfano tu, tia namba zako. Simu dola 110. Mega dola 6 kwa mwezi, ni 144. Kuongea dola 3 kwa mwezi, ni 72. Kuchaji nje siku umeme wa SNEL unapokosa, dola 1 kwa mwezi, ni 24. Kutengeneza vioo mara moja, 20. Jumla dola 370. Simu yenyewe haifiki hata moja ya tatu. Mtu anayebishana wiki nzima juu ya kupunguziwa dola 10 dukani, kisha ananunua mega za siku moja moja kila asubuhi wakati forfe ya mwezi ingemfaa zaidi, amelinda mbegu akaacha shamba.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza marke, uliza haya. Rezo gani inashika mahali unapolala na mahali unapofanya kazi? Rezo nzuri ya mjini kati inaweza kukosa Kasapa, na ya Kasapa ikakosa kabisa shambani Kasenga. Simu inachukua karte mbili? Betri inadumu siku nzima bila umeme, na inabadilishwa mu Lubumbashi kwa bei gani? Halafu bonyeza *#06#, andika namba ya IMEI, uiweke pamoja na risiti ya duka. Karatasi hiyo ndogo ni fakitire pekee utakayopata.

Nina ombi moja kwa asosiasio. Mwezi ujao kila mmoja aandike katika kaye, siku 30: tarehe, franga alizotoa, unite au mega alizopata, na zimeisha lini. Kaye moja ni habari ya mtu mmoja. Kaye hamsini, zikiwekwa pamoja, zinaweza kupelekwa ARPTC kwa jina letu, na zitatusaidia sisi wenyewe kuchagua rezo bila kufuata matangazo. Mwenye kukubali aandike jina na komini yake hapa chini, tutagawana namna moja ya kujaza.