Vitabu Viwili Visomwe Pamoja

Msomaji kijana, ukiniuliza usome kitabu gani ili uijue habari ya utumwa katika pwani yetu, sitakutajia kimoja. Nitakutajia viwili, nami nakusihi usivitenganishe.

Cha kwanza ni Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, tajiri wa Unguja aliyefariki mwaka 1905. Humo asimulia safari zake mwenyewe, kwa Kiswahili kitamu: madeni ya mjini, wapagazi, baruti, vita vya bara mpaka Manyema. Habari za pembe za ndovu azijua barabara. Vilio vya waliotekwa havikumshughulisha sana. Liangalie hilo usomapo.

Cha pili ni Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotoka mwaka 1934. Hapa twawasikia wale ambao katika kitabu cha kwanza hawana majina: waliokamatwa bara, wakapakiwa majahazini, wakaokolewa na manowari za Waingereza, wakapewa makao Freretown, Mombasa, penye kengele iliyoupa mtaa jina la Kengeleni. Baba yake Mbotela alikuwa mmoja wao. Lakini Mbotela awasifu Waingereza kupita kiasi, hata ungedhani hawakuja kutafuta faida yao wenyewe. Basi naye msome kwa jicho lile lile ulilomsomea Tippu Tip.

Moyo ukilemewa, chukua Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, cha mwaka 1960. Ni hadithi ya kubuni tu, ila Bwana Msa, na kiko chake mkononi, hakubali neno la mtu mpaka alichunguze. Mimi nilikimaliza kwa usiku mmoja.